Kokoto za mawe ya chokaa: Soko liko chini ya lami, si juu yake

WAFANYABIASHARA wa kokoto wanaozitupia macho kazi za barabara kati ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, wana swali la kujibu kabla ya kukodi mashine ya kusaga mawe. Je, jiwe la chokaa litapokelewa na mhandisi, au litarudishwa wakati baruti, dizeli na nauli vimekwisha kulipwa?

Jibu la wataalamu wa barabara ni kwamba jiwe la chokaa lililo gumu hukubaliwa katika tabaka nyingi za barabara, na hukataliwa katika tabaka moja tu, lile la juu kabisa linaloguswa na tairi. Wafanyabiashara wengi wakisikia habari ya kukataliwa huko huliacha jiwe lote. Wengine hufanya kosa la pili: husikia kwamba limekubaliwa mahali fulani, wakasaga kila ukubwa, mwisho wakabaki na marundo yasiyo na mnunuzi. Pande zote mbili mtaji huharibika kwa kutojua jiwe linakwenda tabaka gani.

Bonde linalohitaji mawe

Tindiga ni kata ya bondeni katika Wilaya ya Kilosa. Ni nchi ya mpunga, yenye udongo mzito unaoshika maji. Udongo wa namna hiyo ni mali kwa mkulima, lakini kwa mjenzi wa barabara ni adui. Wakati wa masika huvimba na kulainika, na kiangazi husinyaa na kupasuka. Barabara iliyowekwa juu yake bila tabaka nene la mawe haidumu.

Wilaya yenyewe inajua nguvu ya maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko makubwa yaliikumba Kilosa, yakaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata Reli ya Kati. Katika mazingira hayo, jiwe lolote linalopelekwa barabarani litapimwa kwa namna linavyosimama likiwa limelowa, kwa kuwa ukavu ni wa miezi michache tu.

Soko la mawe lipo. Barabara ya Dumila, Kilosa hadi Mikumi imejengwa kwa lami kwa vipande. Kipande cha Dumila hadi Rudewa kilitangulia, kikafuata cha Rudewa hadi Kilosa mjini. Upande wa kusini, kupitia Ulaya hadi Mikumi, ulibaki nyuma. Aidha zipo barabara za vijijini zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, ambazo kila mwaka huhitaji changarawe, makalavati na mawe ya kujengea mitaro.

Mawe ya kusaga hayapatikani katika udongo wa bonde. Hutafutwa milimani, ambako ipo miamba ya kale sana iliyopikwa na kukandamizwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Katika ukanda huo, unaopita mashariki mwa Tanzania na kuendelea hadi Msumbiji na Kenya, mawe ya chokaa yamegeuka kuwa marumaru, na hukaa sambamba na mawe magumu aina ya nais. Katika Mkoa wa Morogoro, marumaru za namna hiyo zinajulikana sana na wachimbaji wa vito, kwa kuwa ndizo zinazobeba rubi na spineli za Mahenge na Matombo.

Jiwe jeupe si lazima liwe la chokaa

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Jiwe la chokaa likidondoshewa asidi dhaifu ya haidrokloriki hutoa povu papo hapo. Aina yake yenye magnesi, iitwayo dolomiti, hutoa povu hafifu mpaka isagwe iwe unga. Jiwe jeupe lisilotoa povu kabisa huenda ni kwazi, na hilo ni bidhaa nyingine yenye tabia nyingine.

Njia nyingine ni kisu. Jiwe la chokaa hukwaruzwa na kisu, lakini kwazi haikwaruziki. Katika kipimo cha ugumu kinachoanzia 1 hadi 10, madini ya jiwe la chokaa yako kwenye 3, na kwazi iko kwenye 7. Tofauti hii ndiyo chanzo cha faida na hasara zote za jiwe la chokaa katika biashara ya barabara.

Faida yake ni kwamba jiwe laini kidogo halili meno ya mashine. Mwenye mashine ya kusaga anayejua bei ya kubadilisha bamba za taya anaelewa maana ya jambo hilo. Nais na granaiti zenye kwazi nyingi hula chuma haraka. Faida ya pili ni kwamba jiwe la chokaa hushikana vizuri na lami. Granaiti ni ya asili ya tindikali, na maji yakipenya lami huweza kuambuka kutoka kwenye kokoto zake. Ndiyo maana mara nyingi wajenzi huchanganya unga wa chokaa katika lami inayowekwa pamoja na kokoto za granaiti.

Hasara inakuja pale tairi linapogusa jiwe moja kwa moja.

Kwa nini linakataliwa juu

Kokoto za juu ya lami zina kazi mbili, kubeba uzito na kushika tairi. Jiwe la chokaa linaweza kuimudu ile ya kwanza na kushindwa ya pili. Magari yakipita kwa miezi, uso wa kokoto husuguliwa hadi ukang'aa kama sakafu ya marumaru. Mvua ikinyesha, gari linalofunga breki huteleza.

Maabara hupima tabia hiyo kwa kusugua kokoto na kisha kupima msuguano unaobaki. Mawe mengi ya chokaa hupata kati ya 35 na 45 katika kipimo hicho. Granaiti na nais nyingi hupata zaidi ya 50. Kwenye kona kali, miteremko na makutano yenye magari mengi, wahandisi hutaka 55 na kuendelea. Hapo muuzaji wa kokoto za chokaa hana la kubishana.

Wenzetu wa nje wamekwisha kulitatua jambo hili kwa kugawa kazi. Nchini Marekani, kiasi cha asilimia 70 ya mawe yote ya kusagwa ni chokaa na dolomiti. Nchini Uingereza, chokaa ndiyo inayoongoza miongoni mwa mawe ya kusagwa. Hata hivyo wahandisi wa Uingereza huiepuka juu ya barabara zenye magari mengi. Wanaitumia kwa wingi chini, na kokoto za kuparuza tairi wananunua kwenye machimbo ya mawe mengine.

Hesabu ya tani

Mfanyabiashara anayesikitika kwa kulikosa tabaka la juu afanye hesabu kwanza. Chukua kilomita 1 ya barabara yenye upana wa meta 7. Tabaka la msingi la mawe ya kusagwa lenye unene wa milimeta 150 lina meta za ujazo 1,050 likishashindiliwa. Kwa uzito wa tani 2.2 kwa kila meta ya ujazo, hizo ni tani 2,310.

Sasa kokoto za juu. Kwa lami ya kumwagia yenye safu moja ya kokoto za milimeta 14, huhitajika kilo 13 hivi kwa kila meta ya mraba. Kilomita ile ile ina meta za mraba 7,000. Jumla ni tani 91.

Kwa hiyo tabaka ambalo chokaa inaruhusiwa kushindania linakula mawe mara 25 ya lile ambalo inakataliwa. Hata ikiwekwa safu ya pili ya kokoto ndogo, tofauti bado ni zaidi ya mara kumi. Hapo hayajahesabiwa mawe ya zege la makalavati, mawe ya kujengea mitaro na kuta, wala tabaka lililo chini ya msingi.

Bei ya tani moja ya kokoto za juu ni kubwa kuliko ya mawe ya msingi, maana huchekechwa na kuoshwa zaidi. Lakini anayetafuta mzunguko wa mtaji ataupata kwenye wingi.

Vipimo vinavyoamua

Viwango vinavyofuatwa nchini vimo katika mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa kusanifu tabaka za barabara wa mwaka 1999, ulioandaliwa kwa ushirikiano na idara ya barabara ya Norway, na katika masharti ya kazi za barabara ya mwaka 2000. Kila mkataba una masharti yake, na muuzaji anapaswa kuomba ukurasa unaohusu mawe kabla ya kutaja bei.

Kipimo kikuu cha nguvu hufanywa kwa kuzibana kokoto ndani ya silinda ya chuma mpaka asilimia 10 yake iwe ungaunga. Mzigo uliotumika ndio alama ya jiwe. Katika viwango vya kusini mwa Afrika, mawe ya kusagwa ya tabaka la msingi hutakiwa kubeba si chini ya kilonewton 110, yaani uzito wa tani 11 hivi. Kipimo hicho hurudiwa kokoto zikiwa zimelowekwa. Kwa bonde kama Tindiga, alama ya pili ndiyo ya kutazamwa zaidi. Jiwe linaloonyesha nguvu likiwa kavu na kuanguka vibaya likilowa halifai kwenda kwenye barabara inayosimama majini.

Kipimo cha Los Angeles nacho kinajulikana sana. Kilo 5 za kokoto huzungushwa mara 500 ndani ya pipa la chuma lenye mipira ya chuma, kisha hupimwa kiasi kilichosagika. Mawe mengi mazuri ya chokaa hupoteza kati ya asilimia 20 na 35. Hapa marumaru huhitaji uangalifu. Marumaru yenye chembe kubwa, ile inayomeng'enyuka kama sukari guru mtu akiibana, huweza kupoteza zaidi ya jiwe la chokaa lenye chembe ndogo, ingawa kwa macho inavutia zaidi.

Adui wa tatu ni udongo. Jiwe la chokaa huyeyushwa polepole na maji ya mvua, na kuacha nyufa na mapango ambayo hujaa udongo mwekundu. Mlipuko wa baruti huchanganya udongo huo na mawe. Mzigo wa namna hiyo hufaulu kipimo cha nguvu na kufeli kipimo cha unyevu na unato. Tiba yake ni kuchekecha kabla ya kusaga, na gharama ya chekeche iingizwe katika bei tangu mwanzo.

Mzigo safi una zawadi yake. Vumbi la jiwe la chokaa likilowa na kushindiliwa hushikana taratibu, na tabaka la msingi huendelea kukaza kadiri siku zinavyopita. Wahandisi waliokwisha kulitumia hupenda tabia hiyo.

Funzo la Dar es Salaam

Anayedhani kwamba ukaribu wa jiwe unatosha atazame soko la Dar es Salaam. Jiji hilo limekaa juu ya mawe ya chokaa ya matumbawe. Kiwanda cha saruji cha Wazo kimekuwa kikiyachimba tangu mwaka 1966, na Kunduchi watu wamejipatia riziki kwa kuyagonga kwa nyundo. Pamoja na hayo, matipa ya kokoto za lami na zege zito hutoka Lugoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini, yakiwa yamebeba mawe magumu ya nais na granaiti.

Sababu ni ubora. Chokaa ya matumbawe ni changa, ina matundu mengi na hunywa maji. Kwa saruji haina mpinzani na kwa nyumba za kawaida inatosha, lakini mjenzi wa barabara kubwa hulipa nauli ya Lugoba kwa hiari yake. Marumaru ya milimani si jiwa hilo hilo. Imekandamizwa, haina matundu mengi, na huweza kufaulu pale matumbawe yanaposhindwa. Hata hivyo jina la chokaa hutisha wanunuzi wengi, na cheti cha maabara ndicho kinachoondoa hofu hiyo.

Nauli ndiyo inayobaki kuwa hesabu kubwa. Kwa mfano tu, tuseme nauli ni Sh. 250 kwa tani kwa kila kilomita. Jiwe la umbali wa kilomita 15 litabeba nauli ya Sh. 3,750 kwa tani, na la kilomita 60 litabeba Sh. 15,000. Kwa tani 2,310 za kilomita moja ya barabara, tofauti ni Sh. 25,987,500. Kila mfanyabiashara aweke nauli ya siku yake mahali pa hiyo 250. Mkandarasi naye hufanya hesabu hiyo hiyo, na ndipo penye nafasi ya mwenye jiwe la karibu lililofaulu vipimo.

Mtego wa ujazo

Wapo wauzaji waliofaulu maabara na kupata hasara kwenye karatasi. Kokoto zikimwagwa na tipa hukaa kwa nafasi. Zikishindiliwa hupungua. Tani 2,310 zilizojaza meta za ujazo 1,050 barabarani zilikuwa meta za ujazo 1,440 hivi zilipokuwa ndani ya matipa.

Muuzaji aliyepiga bei yake kwa ujazo wa tipa, kisha akatia saini mkataba unaolipa kwa ujazo wa barabara iliyoshindiliwa, atakuta zaidi ya robo ya mzigo wake haikulipwa. Hakuna aliyemwibia, mkataba ndivyo ulivyosema. Njia salama ni kuuza kwa tani kwenye mizani, au kuandika waziwazi ujazo unaopimwa ni upi na unapimiwa wapi.

Ifahamike pia kwamba wakandarasi wakubwa hupendelea kufungua machimbo yao wenyewe na kuleta mashine zao. Mlango wa mfanyabiashara mdogo mara nyingi uko kwa wakandarasi wa daraja la chini, kazi za matengenezo, makalavati na barabara za halmashauri.

Sheria inatazama matumizi

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2010 huliweka jiwe hilo hilo katika makundi tofauti kulingana na linakokwenda. Mawe, changarawe na mchanga wa kujengea nyumba, barabara na mabwawa huhesabiwa kuwa madini ya ujenzi. Jiwe la chokaa linalochomwa kutengeneza chokaa, na malighafi ya saruji, havimo katika kundi hilo. Mwenye leseni ya kuchimba kokoto anayetaka kuwasha tanuru aonane kwanza na ofisi ya Tume ya Madini, asije akasimamishwa katikati ya kazi.

Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania, na ina masharti ya mazingira. Maeneo ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hayaguswi, na misitu ya hifadhi ina taratibu zake. Asiyetazama ramani kabla ya kununua vifaa anaweza kukuta jiwe zuri kuliko yote liko upande usioruhusiwa wa mpaka.

Kama halikufaulu

Jiwe la chokaa lililoshindwa kuwa kokoto halijakosa soko. Kilo 100 za jiwe safi zikichomwa hutoa hadi kilo 56 za chokaa hai, na chokaa hiyo ina mnunuzi katika kazi hiyo hiyo ya barabara. Udongo mzito wa mbuga ukichanganywa na chokaa hupunguza kuvimba na kuongeza nguvu, na mara nyingine huwa rahisi kuliko kuuchimba wote na kuleta udongo wa mbali. Jiwe linalosagwa bila kuchomwa huuzwa kama chokaa ya kilimo kwa mashamba yenye udongo wa tindikali, na dolomiti huongeza magnesi ambayo mimea huihitaji.

Tanuru lina gharama ya kuni au makaa, na hapo hesabu inabadilika. Lakini ni vema mfanyabiashara ajue njia zote za jiwe lake kabla ya kuliita bovu.

Ushauri kwa wenye mtaji mdogo

Wanaotaka kuingia katika biashara hii wafuate mpangilio huu. Kwanza, jiwe litambuliwe kwa asidi na kisu. Pili, ramani ya hifadhi na leseni za wengine itazamwe. Tatu, zichukuliwe sampuli kutoka sehemu kadhaa za mwamba, zile nzuri na zile mbaya, zipelekwe maabara inayotambuliwa na mhandisi wa mradi. Sampuli ya jiwe moja zuri humdanganya mwenyewe. Nne, upatikane ukurasa wa masharti ya mkataba, na vipimo vilinganishwe nao kwa kila tabaka. Tano, ipigwe hesabu ya nauli na ya ujazo. Mashine ya kusaga ije ya sita.

Wengi huanza na ya sita, kwa kuwa mashine huonekana na karatasi ya maabara haionekani. Katika bonde la Tindiga masika huja kila mwaka kukagua kazi, na mkandarasi anayejua hilo atanunua kwa yule mwenye alama ya jiwe lililolowekwa.